Dalali, fundi, wakili, msimamizi: jua analipwaje kabla ya kumwamini

Nyumba ya kupangisha yenye vyumba sita vya masta kule Tabata, Kimara au Mbagala ni biashara ndogo yenye wafanyakazi wengi. Mwenye nyumba huenda asilione hilo, kwa kuwa hakuna aliyemwandikia barua ya ajira. Lakini dalali analeta wapangaji, fundi umeme na fundi maji wanaitwa kila kukicha, wakili anaandika mkataba, mpima anatafuta mipaka, na mara nyingi kuna ndugu au jirani anayekusanya kodi. Wote wanakula kwenye kodi ileile. Chumba kikiwa cha shilingi 150,000, vyumba sita vinaleta 900,000 kwa mwezi, yaani 10,800,000 kwa mwaka vikijaa vyote bila pengo. Chumba kimoja kikikaa kitupu mwezi mmoja, zaidi ya asilimia 8 ya mapato yake ya mwaka imekwenda. Kwa hesabu nyembamba kiasi hicho, mtu mmoja asiyefaa anatosha kumaliza faida ya mwaka.

Ushauri ambao kila mwenye nyumba mpya hupewa ni "tafuta mtu mwaminifu". Tatizo ni kwamba uaminifu hauonekani siku ya kwanza. Unaonekana baada ya hasara au baada ya miaka. Kinachoonekana siku ya kwanza ni namna mtu anavyolipwa: nani anamlipa, kwa kipimo gani, na lini. Ukiyajua hayo matatu unaweza kukisia kwa karibu sana ni wapi atakuumiza, hata kama ni mtu mwema na mcha Mungu.

Tuanze na dalali, maana ndiye wa kwanza kugonga mlango. Desturi ya Dar es Salaam ni mpangaji kumlipa dalali kodi ya mwezi mmoja. Mpangaji anayetakiwa kulipa miezi sita anatoa miezi saba, yaani 1,050,000 kwa chumba cha 150,000. Mwenye nyumba hudhani huduma hiyo anaipata bure. Si bure: mpangaji mwenye 900,000 mkononi hafiki kwake. Akigawa hela hiyo kwa miezi saba anaona anamudu chumba cha 128,000 hivi, na huko ndiko anakokwenda. Zaidi ya hapo, dalali anakula mpangaji anapoingia na hapati hata senti mpangaji akitulia. Chumba kikibadili mpangaji kila miezi sita, ndani ya miaka mitatu dalali amepata 900,000. Kikikaliwa na mpangaji mmoja miaka hiyo mitatu, amepata 150,000. Anayo namba ya simu ya mpangaji wako, anajua kodi yake inaisha lini, na anajua chumba gani kimeachwa wazi mtaa wa pili. Hahitaji kuwa mtu mbaya ili ampigie mwezi wa tano.

Dawa yake ni kubadilisha siku ya malipo. Mwambie dalali kwamba mpangaji atamlipa nusu ya mwezi anapoingia, na nusu iliyobaki, shilingi 75,000, utamlipa wewe mpangaji huyohuyo atakapolipia kipindi cha pili. Kwako ni nafuu: 75,000 ni nusu ya hasara ya mwezi mmoja wa chumba kitupu, bado rangi na matengenezo ya kila mtu anapohama. Madalali wengi watakataa. Wachache watakaokubali ndio wa kufanya nao kazi, kwa sababu wamekubali kula kwa mpangaji kutulia. Andikeni karatasi ya ukurasa mmoja yenye majina, namba za vitambulisho vya NIDA, kiasi na siku ya malipo.

Mambo mawili hayana mjadala kwa dalali yeyote. Funguo hazilali kwake, na kodi haipiti mkononi mwake. Dalali mwenye funguo anaweza kuonyesha chumba kimoja kwa watu kumi na kupokea "hela ya kushikia" kwa watatu, kisha simu ikazimwa. Wale watatu watakuja mlangoni kwako, na mmoja wao atakuwa na karatasi yenye namba ya nyumba yako. Maumivu hayo yanamfika mtu aliyekusanya akiba ya miezi kadhaa ili apate pa kulaza watoto, na mwenye nyumba ana sehemu yake ya lawama kwa kuacha funguo zizagae.

Kenya wana sheria ya mawakala wa nyumba, Sura ya 533, na bodi yenye orodha ya waliosajiliwa, ingawa mitaani wasiosajiliwa ni wengi. Kwetu Tanzania udalali wa nyumba hauna bodi ya namna hiyo, na hili ni pengo ambalo Wizara ya Ardhi na Bunge wanapaswa kuliziba. Mthamini anasajiliwa kwa sheria ya mwaka 2016, mhandisi ana bodi yake, ERB, mkandarasi ana CRB, msanifu majengo na mkadiriaji majenzi wana AQRB. Mtu anayepokea fedha za watu wengi kuliko hao wote hana pa kushitakiwa kitaaluma. Neno lenyewe linachanganya pia, kwani dalali wa mahakama, anayetekeleza amri za mahakama, ni mtu mwingine kabisa mwenye kanuni zake. Usikubali dalali wa mtaani akuambie anaweza kumtoa mpangaji nje.

Fundi analipwa kwa njia mbili: ile anayokutajia na ile asiyokutajia. Anayotaja ni hela ya ufundi. Ya pili iko kwenye vifaa: asilimia kutoka duka la vifaa vya ujenzi, au vifaa vinavyobaki. Ndiyo sababu hela ya ufundi ya chini sana inapaswa kukutia wasiwasi badala ya kukufurahisha.

Chukua kazi ndogo kabisa, kupaka rangi chumba baada ya mpangaji kuhama. Chumba ni mita 3 kwa 3.5, na kutoka sakafuni hadi dari ni mita 2.7. Mzunguko wa kuta ni mita 13; zidisha kwa 2.7, ni mita za mraba 35. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 32. Mikono miwili ni 64. Rangi ya maji ya kawaida, juu ya ukuta uliokwisha kupakwa, hufunika mita za mraba 10 hivi kwa lita moja. Chumba hicho kinataka lita sita na nusu, na ndoo moja ya lita 20 inamaliza vyumba vitatu. Fundi anayekuandikia ndoo moja kwa kila chumba anakuuzia ndoo mbili ambazo hutaziona tena. Ukuta mpya wa lipu hunywa zaidi, na fundi mzuri atakueleza hilo kabla hujauliza, kisha atapendekeza praima, yaani rangi ya msingi, badala ya kuongeza rangi.

Wizi wa upande wa pili ni kuongeza maji kupita kiasi ili ndoo moja itoshe vyumba vitano. Huo unaonekana kesho yake: pitisha kiganja ukutani, kikitoka na unga mweupe, rangi haikushika. Mpangaji mpya ataegemea ukuta huo akiwa na shati jeusi na utakuwa umeanza naye vibaya.

Kwa hiyo usaili mzuri wa fundi ni kumwambia akupigie hesabu mbele yako. Fundi wa kweli atatoa futi, atapima, atauliza ukuta una hali gani. Mwingine atatazama dari na kutaja idadi. Tofali nazo zina hesabu yake: mfuko wa saruji wa kilo 50 hutoa tofali 30 hadi 35 za inchi 6 zenye nguvu. Anayejivunia kutoa 55 anakuuzia mchanga uliobanwa. Shika kona ya tofali, ukikwangua kwa kidole ikamumunyuka, rudisha mzigo.

Umeme ndio unaoua, na hapo leseni si jambo la hiari. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutoa leseni kwa mafundi umeme kwa madaraja, na leseni ina namba, daraja na tarehe ya kuisha. Iombe, isome, kisha hakikisha mwenye jina lile ndiye anayepanda ngazi. Mchezo uliozoeleka ni mtu asiye na leseni kufunga waya, halafu fomu inayopelekwa TANESCO ikapigwa mhuri wa mtu ambaye hajawahi kukanyaga kwenye nyumba hiyo. Kwa nyumba ndogo ya kupangisha, waya wa milimita za mraba 1.5 ni wa taa, 2.5 ni wa soketi, na jiko la umeme au hita ya kuogea hutaka 4 au 6. Kata kipande cha waya ulionunuliwa, kwangua ncha kwa kisu. Shaba ni nyekundu mpaka ndani. Ukiona weupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Inapata moto kwenye viungio, hulegea, na soketi huanza kuungua taratibu nyuma ya kabati la mpangaji.

Kosa jingine huzaliwa na malalamiko ya mpangaji mwenyewe. Breka inakata kila akiwasha pasi na hita pamoja, anaita fundi wa karibu, fundi anang'oa breka ya ampea 20 na kuweka ya 40. Kelele zinaisha. Lakini breka ile ilikuwa ikiulinda waya wa 2.5 ndani ya ukuta. Sasa waya utachemka bila breka kustuka. Weka kwenye mkataba wa upangaji kwamba hakuna anayegusa kasha la breka isipokuwa fundi uliyemteua. Na ukipita kukagua, bonyeza kitufe cha kujaribia kwenye kifaa cha kukata umeme unapovuja ardhini. Kisipokata, kinangoja siku ya msiba.

Mabomba yajazwe maji kwa presha na kuachwa saa 24 kabla ya kupigwa lipu. Kiungio cha bomba la plastiki la PPR kilichochomwa vibaya hutoa unyevu ukutani baada ya miezi, fundi akiwa ameshahamia Kibaha.

Kuhusu malipo: nunua vifaa mwenyewe na uchukue risiti, hela ya ufundi itoke kwa hatua, na bakiza asilimia 10. Siku ya kutoa hiyo asilimia 10 iandikwe kwa tukio, isiwe kwa tarehe tu. Paa lililotengenezwa Agosti halijajaribiwa na kitu. Fungu la mwisho litoke mvua ya kwanza kubwa ya vuli ikishanyesha na dari ikiwa kavu. Ukitaka kumjua fundi kabla ya kumpa kazi, omba nyumba aliyoifanya miaka mitatu iliyopita, kisha zungumza na wapangaji wanaoishi humo. Mwenye nyumba atakuambia kazi ilikwisha kwa wakati. Mpangaji atakuambia choo kinarudisha maji.

Wakili ana ulinzi ambao fundi hana: orodha. Mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania unamruhusu mtu yeyote kuangalia kama jina fulani ni la wakili mwenye leseni hai. Vishoka wanaishi kwa kutegemea kwamba hutaangalia. Lakini hata wakili halali ana suala la malipo. Ukinunua kiwanja au nyumba, na wakili ameletwa na dalali wa muuzaji, na analipwa mauzo yakikamilika, basi kila mtu mezani anataka mauzo yakamilike isipokuwa wewe, ambaye ungefaidika kuambiwa usinunue. Tafuta wakili wako mwenyewe na umlipe ada ya upekuzi kando, inayolipwa ununue au usinunue.

Kwa ada hiyo mdai vitu vinavyoshikika. Taarifa ya upekuzi kutoka kwa Msajili wa Hati, inayoonyesha jina la mmiliki na kama kuna rehani au zuio. Ridhaa ya mwenzi kwa maandishi, kwa kuwa kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinazuia mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya familia bila mwenzake kuridhia. Kama mmiliki amefariki, uteuzi wa msimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Kikao cha ukoo peke yake hakitoshi. Muhuri wa serikali ya mtaa unathibitisha kwamba watu walikaa ofisini pale na kutia saini. Hauthibitishi kwamba aliyeuza ndiye mwenye mali. Na leseni ya makazi si hati miliki, hata kama zote zina nembo ya Serikali.

Mkataba wa upangaji wengi wanaununua steshenari kwa shilingi elfu chache, na hapo wanajiponza. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo mengi yanayogombaniwa yataamuliwa na kile mlichokiandika: notisi ni ya siku ngapi, amana inarudi lini na inakatwa kwa uharibifu gani, kodi ikichelewa kinafuata nini. Mlipe wakili mara moja aandike mkataba wa nyumba yako, utautumia miaka mingi. Ulipie pia ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka, ambayo kwa chumba cha 150,000 ni 18,000. Mkataba usiolipiwa ushuru huo hupata kikwazo ukitaka kuutoa kama ushahidi, na utaigundua kasoro hiyo mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba, mpangaji akiwa na miezi minne hajalipa.

Mpima ardhi analipwa mapema kuliko wote, ndiyo maana malalamiko ya upimaji usiokwisha ni mengi kwenye maeneo ya urasimishaji. Wakazi walichanga, vigingi vikapigwa, kampuni ikapoa. Kigingi ardhini bila ramani iliyoidhinishwa ni kipande cha zege. Gawa malipo kwa hatua zinazothibitika ofisini: mchoro wa mipango miji ukipita, vigingi vikisimikwa mbele ya majirani, na fungu kubwa la mwisho ramani ya upimaji ikishaidhinishwa wizarani na kupewa namba.

Kwa upande wa kodi ya Serikali, mpangaji akiwa kampuni au taasisi atakata kodi ya zuio ya asilimia 10 kabla ya kukulipa. Dai cheti cha makato kila anapokata. Bila cheti, itakuwa vigumu kuionyesha TRA kwamba ile hela ni yako. Makato hayo yanahesabiwa kwenye kodi yote ya pango kabla ya kutoa matengenezo au kamisheni ya msimamizi, na wengi hukosea hapo. Kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU tangu Agosti 2021. Ilianza kwa 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Kama nyumba yako ina mita sita za LUKU, kusanya risiti za wapangaji wote mwezi mmoja uone ni mita zipi zinakatwa, na kama nyumba moja inakatwa zaidi ya mara moja, ulalamike mapema ukiwa na namba za mita mkononi. Mshauri wa kodi unaweza kumhitaji siku mbili tu kwa mwaka. TRA husajili washauri wa kodi, kwa hiyo hakuna sababu ya kumpa kazi hiyo mtu anayesimama nje ya ofisi zao na bahasha.

Anabaki msimamizi, na huyu ndiye anayeamua kama mwenye nyumba aliyeko Muscat, London au Mwanza atakuwa na nyumba au atakuwa na habari za nyumba. Kamisheni ya kawaida ni asilimia 5 hadi 10. Iandikwe kwamba ni asilimia ya kodi iliyokwisha kuingia, kamwe isiwe ya kodi inayotarajiwa. Wapangaji walipe moja kwa moja kwenye akaunti ya benki au lipa namba yenye jina la mwenye nyumba, na msimamizi alipwe kutoka hapo kila mwisho wa mwezi. Anayesema mfumo huo unamdhalilisha amekupa taarifa muhimu kabla hujapoteza kitu.

Ndugu akiwa msimamizi, mpe masharti yaleyale na umlipe. Kaka au shemeji anayefanya kazi hiyo "kwa kusaidia tu" atajilipa mwenyewe siku moja, shida ikimbana, na hakuna atakayejua lini kukopa kuligeuka kuchukua. Undugu mwingi umevunjika kwa njia hiyo, na ungepona kwa 60,000 ya kila mwezi iliyoandikwa. Hati ya uwakili unayompa itaje mipaka: kukusanya kodi, kusaini mikataba isiyozidi mwaka mmoja, kuagiza matengenezo yasiyozidi kiasi fulani bila kukuuliza. Ikatae kwa maneno ya wazi kuuza, kuweka rehani na kubadilisha jina la mmiliki. Hati halisi ya kiwanja isikae kwake.

Matengenezo yaende hivi: msimamizi anaripoti tatizo kwa picha, fundi anatoa hesabu, mwenye nyumba anaidhinisha, vifaa vinalipwa dukani moja kwa moja. Msimamizi akichagua fundi, akanunua vifaa na akathibitisha kwamba kazi imekwisha, amejikabidhi funguo tatu za sanduku moja.

Na siku ya kuachana naye ipangwe siku ya kuanza naye. Mkataba utaje kwamba ndani ya siku saba atakabidhi funguo zote pamoja na za akiba, namba za mita za LUKU na akaunti ya DAWASA, mikataba ya wapangaji, orodha ya amana za kila mmoja na majina ya mafundi. Amana hasa. Wapangaji sita wakiwa wametoa mwezi mmoja mmoja, hizo ni 900,000 ambazo si zako wala zake. Zikae kwenye akaunti isiyoguswa, na kila mpangaji awe na karatasi yake inayosema ziko wapi.